Daktari wa Themostati

Jirani yangu amelifanyia gari lake upasuaji uani, chini ya mwembe, kwa spana moja na ushauri wa wapita njia. Themostati ameing'oa. "Hiyo ya nchi za baridi," kaniambia, kana kwamba Wajapani walioliunda gari hawajawahi kuona jua.

Themostati ni bawabu tu: hufungua mlango maji yakifika nyuzi 82 hivi, ili injini ikae kwenye joto lake. Bawabu kafukuzwa, sasa asubuhi injini haipati moto, na mafuta inayabugia kama mgeni wa harusi. Feni nayo kaiunga moja kwa moja kwenye swichi, inavuma tangu alfajiri. Kulanti? Ya nini, na kisima kipo! Chumvi ya kisima nayo haikulala: rejeta imeota kutu hadi ikaziba.

Jumamosi akapandisha mlima Kitonga. Gari likachemsha vilevile, maana mgonjwa alikuwa rejeta, aliyekatwa ni bawabu. Jioni kanipigia simu, sauti ya upole:

"Jirani, hivi gasketi ya silinda hedi nayo ina kazi gani?"