Mrithi wa Kombe

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978, na mpaka leo mwenye nayo Kitale hujibeba kama mrithi wa kombe. Tangi likivuja, huzibwa kwa kipande cha sabuni. Geji ya mafuta ilishakufa. Mafuta hupimwa kwa ufito. Kioo hushushwa kwa plaizi, nayo ni moja, kwa hiyo abiria hupokezana mpaka Kamukuywa. Na fundi wa Bungoma (mtu wa adabu, kusema kweli) haulizi gari linaumwa nini, anauliza umebeba pesa ngapi. Mshauri mwenyewe aliuze, atakuambia Peugeot halisi kama hii haipatikani tena. Injini ni ya Toyota.