Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Huduma za Jamii,
London.

YAH: PONGEZI KWA KUWAKINGA WAZEE DHIDI YA WATOTO WAO

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ambako tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Naiandikia wizara yako kuipongeza kwa kutuonyesha kwamba wahenga wetu hawakusomea udhibiti wa maradhi.

Februari 25, 2020, mwongozo wa serikali yenu uliwatuliza wote: ni vigumu sana mtu anayetunzwa katika makao ya wazee kuambukizwa Uviko-19. Machi 13 ukafutwa. Siku chache baadaye hospitali zikaagizwa kupunguza wagonjwa ili vitanda vipatikane, na hadi Aprili 15 watu wapatao 25,000 walikuwa wametolewa wodini na kupelekwa kwenye makao hayo. Ili pasiwe na usumbufu, mwongozo wa Aprili 2 ukafafanua kuwa si lazima mtu apimwe na kuonekana hana virusi kabla ya kupokewa.

Ustaarabu ulioje! Aliyetoka wodini alipita mlangoni, wahudumu wa muda walizunguka kutoka makao haya hadi yale, na binti wa mzee, ambaye hakutoka popote ila nyumbani kwake, akaambiwa apunge mkono dirishani.

Nawapongeza pia kwa utafiti wenu wa viungo. Machi 8, 2021, kila mkazi aliruhusiwa mgeni mmoja aliyeandikishwa jina, apimwe, avae barakoa na aproni. Kushikana mikono, ruksa. Kukumbatiana, hapana. Tungeshukuru wataalamu wenu watuambie kirusi huanzia juu ya kiwiko au chini yake. Wakati huo, mzee aliyetoka kwenda kuketi bustanini kwa mwanawe alitakiwa arudi ajitenge siku 14. Sharti hilo lililegezwa Mei.

Kulikuwa na mahali pengine ambapo watu walikutana bila dirisha. Aprili 2022, Waziri Mkuu Boris Johnson alitozwa faini na polisi kwa mkusanyiko wa siku yake ya kuzaliwa uliofanyika ofisini kwake Juni 2020. Aprili hiyohiyo ya 2022, tarehe 27, Mahakama Kuu iliamua kwamba sera ya kuwahamishia wagonjwa kwenye makao ya wazee ilikiuka sheria, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya wasioonyesha dalili.

Mheshimiwa, kejeli naiweka kando kidogo. Tahadhari zilihitajika. Kati ya Machi 2 na Juni 12, 2020, vifo vya wakazi zaidi ya 19,000 wa makao ya England na Wales vilihusishwa na Uviko-19. Hakuna anayedai mtu aingie akikohoa. Lakini kipimo, barakoa na maji na sabuni humfaa mtoto wa mzee kama vinavyomfaa mhudumu. Mzee aliyepoteza kumbukumbu haelewi kwa nini mwanawe amesimama nyuma ya kioo, anaona ametupwa. Na mwanawe ndiye anayejua namna ya kumbembeleza ale, na ndiye wa kwanza kugundua kwamba leo hayuko sawa. Huyo ni sehemu ya matunzo. Kumwita mgeni ni kumkosea.

Tangu Aprili 6, 2024, kanuni inayataka makao ya England yasimzuie anayekuja kumwona mkazi, isipokuwa kwa sababu za kipekee. Tatizo ni kwamba mlipuko ukija, kila sababu huwa ya kipekee. Basi liandikeni jambo hili katika sheria ya Bunge: kila mkazi achague mtu wake mmoja, apimwe na avae kama mhudumu, na mlango usifungwe kwake hata siku ya mlipuko. Mfanye hivyo sasa, kabla kirusi kijacho hakijabisha hodi.

Naomba kuwasilisha.