Sifa za Faili Lisiloonekana

"Shikamoo, mama," karani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Faili lako halionekani."

Nilikuwa nyuma ya mama mdogo, nimemshikia mwavuli unaochuruzika maji. Hiyo ilikuwa mara ya tatu tunashuka mlimani kuja kwenye mahakama hiyo ya mwanzo, ambayo jina lake silitaji, maana huenda tukarudi tena na sitaki maneno na karani. Shida ya mama mdogo ilikuwa ndogo: nakala ya hukumu ya talaka yake. Hukumu yenyewe ilisomwa miezi minane nyuma, naye akiwa amekaa pale pale anaisikia kwa masikio yake mawili. Kichwani alikuwa nayo yote. Alichokosa ni karatasi yenye muhuri.

Siku ile nilikasirika. Nimekaa nimetafakari, nikaona nilikosa shukrani, na haya ninayoandika ni kuomba radhi. Faili lisiloonekana linatukanwa na kila anayeshuka mlimani, na sijapata kusikia mtu akilitetea. Wacha nijaribu.

Tuanze na Kiswahili cha karani, kwa sababu kina ufundi. Hakusema faili limepotea. Kitu kilichopotea kina aliyekipoteza, na mtu huyo huandika maelezo. Hakusema limeibwa, maana hapo wangehusishwa polisi. Wala hakusema "sijaliona", asije akaulizwa kama amelitafuta. Alisema halionekani. Hapo hakuna mtenda. Faili lipo, lina afya njema, ila leo halikujaliwa kuonekana. Sisi wa Morogoro tungepaswa kulielewa jambo hilo kuliko watu wa mahali pengine popote. Simama stendi ya Msamvu asubuhi ya masika, utazame juu: mlima wa Lupanga hauonekani. Kilele cha zaidi ya meta 2,100 kimejifunika wingu kama mgonjwa aliyejifunika shuka, na hujasikia mpiga debe hata mmoja akilalamika kwamba manispaa imepoteza mlima. Watu wanangoja. Ikifika saa tano, jua likikaza, mlima huo hapo. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima wa namna hiyo anashindwaje kulingojea faili?

Kisha kuna huduma yake katika ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, humzuia mtu kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa humo. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakishindwa kuwapatanisha wanandoa hutoa Fomu Namba 3, ambayo ukiivua heshima zake inasema: hawa tumewashindwa. Waliotunga sheria hiyo waliweka matumaini yao kwa wazee. Hawakujua kwamba msuluhishi hodari kuliko wote amelala masijala, kafungwa kwa kamba ya katani, zao la mkoa wetu.

Nimemwona akifanya kazi. Siku hiyo ya tatu walifika mume na mke juu ya pikipiki moja, mshikaki, kwa sababu ni bodaboda mmoja tu aliyekubali kupambana na tope la huko kwao. Wamekuja kuachana. Wakaambiwa faili halionekani, warudi baada ya wiki mbili. Mvua ikawafungia kwenye benchi. Mke akafungua kitambaa chenye magimbi ya kuchemsha, akala moja, akala la pili. Mume anatazama paa. La tatu mke alilisukuma kwenye benchi bila kugeuza shingo, kama mtu anayesogeza kitu kilichomkalia vibaya, na mume akalichukua bila kusema asante. Mvua ilipokatika walipanda tena pikipiki yao: dereva, mume katikati, mke nyuma amemshika. Karani aliwasindikiza kwa macho akasema kesi za hivyo nyingi hujifia zenyewe.

Mwisho wa benchi hilo alikaa msichana mwenye taya lililovimba upande mmoja, ameegemea ukuta, macho yake kwenye geti. Naye aliambiwa wiki mbili. Faili halina upendeleo.

Kiuchumi, eneo lote lile limesimama juu ya mgongo wa faili. Mama lishe anauza chapati na uji kwa watu walioondoka kwao saa kumi na moja alfajiri. Kijana wa steshenari anatoa kopi, anapiga pasipoti saizi, na kwa malipo ya ziada anakuandikia barua inayoanza "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Bodaboda wanazo nauli za kwenda na za kurudi. Mama mdogo hahesabu safari kwa shilingi. Ya kwanza, anasema, ilikula mikungu miwili ya ndizi. Ya pili ilikula pilipili manga aliyokuwa ameiweka isubiri bei. Ya tatu ilikwenda na jogoo. Faili lingeonekana siku ya kwanza, yule jogoo asingepata mteja.

Hayo ni ya ndoa, na ndoa ni darasa la awali tu. Anayetaka shahada na aende kwenye mirathi. Mzumbe wanaofundisha sheria hapa hapa Morogoro watanisamehe.

Mtu akifa, mwombaji wa usimamizi wa mirathi hukusanya cheti cha kifo cha RITA, barua ya mtendaji yenye muhuri, fomu yake, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Huo muhtasari umejengwa na mazoea zaidi kuliko kanuni, lakini jaribu kwenda bila kuwa nao. Sasa fikiria mlimani kwetu. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Marehemu ni wa ukoo wa mama yake. Watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Ukiitisha kikao cha ukoo wa marehemu kwa haki kabisa, wanaofika ni wajomba zake, dada zake na wapwa zake. Mjane na watoto, waliomuuguza na kumfulia, wamo jikoni wanachemsha chai ya wajumbe. Sheria za mila zilizotangazwa kwa maandishi mwaka 1963 ziliwalenga watu wanaofuata ukoo wa baba, kwa hiyo Mluguru hakupata hata faili la mila yake. Akaja kuombwa muhtasari wa ukoo, na hakuna aliyemuuliza ni ukoo upi. Basi vikafanyika vikao viwili, ikapatikana mihtasari miwili, yote ina sahihi, yote ina muhuri wa mtendaji yule yule. Faili likaanza kunenepa.

Halafu yaja majina. Ramadhani wa kitambulisho cha NIDA ana "i" mwishoni. Ramadhan wa cheti cha kifo hana. Mjane aliyelala naye miaka thelathini anatakiwa ale kiapo kwamba hao ni mtu mmoja. Kiapo nacho kinaingia kwenye faili. Utadhani faili nene ni rahisi kulipata. Thubutu. Nimeliona kwa macho yangu: kadiri linavyonenepa ndivyo linavyozidi aibu ya kujitokeza mbele za watu.

Zamani huku juu mambo hayakuwa na raha hizi. Faili lilikuwa na miguu. Mtu akifa jina lake hurithiwa, na anayelipokea hupokea pamoja nalo mashamba ya kuangalia, madeni, na ugomvi wa mpaka uliobaki. Kingalu wa Kinole, mzee wa mvua, alikuwa Kingalu enzi za Wajerumani na akawa Kingalu baada yao, ingawa vichwa vilivyovaa jina hilo vimekuwa vingi. Faili la aina hiyo halikuwa na adabu hata kidogo. Unapanda kilima, unalikuta limekaa barazani linaota jua, unaliuliza shamba la bibi yako linaishia wapi, nalo linakuonyesha kwa fimbo. Mama lishe angekula wapi?

Tabia nyingine ya faili inayonivutia ni utulivu wake mbele ya tarehe. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya. Msimamizi wa mirathi ana miezi 4 ya kurudisha orodha ya mali na madeni. Siku za mwananchi zinahesabiwa kwa vidole, na akichelewa ataandika maombi ya kueleza kila siku ilikokwenda. Faili halina siku. Halijawahi kuitwa lijieleze.

Nirudi kwa mama mdogo, kwa sababu karatasi yake haikuwa ya hivi hivi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali waliyochuma pamoja. (Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, majaji waliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe alikwisha kuzitapanya. Alifungua mlango wakapita wengine.) Kwa mlango huo mama mdogo alihesabiwa kupika, kupalilia na kubeba ndizi kichwani mpaka barabarani, akapewa nusu ya nyumba na migomba ya upande wa mtoni katika kiwanja walichonunua na mumewe. Maneno ya Bi Hawa yalishuka kwa Kiingereza. Mahakama za mwanzo zenyewe zimekuwa zikisema Kiswahili siku zote, lakini huko juu ilikuwa mpaka mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo sasa faili likionekana, linasomeka.

Mwaka huo huo wa 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua vituo jumuishi sita vya utoaji haki, kimoja hapa mjini Morogoro, ambamo ngazi za mahakama kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu zimewekwa chini ya paa moja. Cha Temeke, Dar es Salaam, kikakabidhiwa mashauri ya mirathi na ndoa. Siku hizi shauri hufunguliwa kwa mtandao. Nakiri niliposikia habari hizo niliingiwa na hofu: huenda faili letu limefika mwisho wake. Nikaenda steshenari kumshuhudia mzee mmoja kutoka Matombo akifungua shauri la mirathi ya kaka yake. Kijana akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, kisha akageuka kwa upole wote:

"Baba, mfumo haufunguki."

Haufunguki! Nilitaka kumkumbatia. Hakusema kifurushi chake kimeisha, hakusema amesahau nywila. Mfumo umejifunga wenyewe, kwa hiari yake. Masijala imehamia hewani ikachukua kitenzi chake ikaondoka nacho. Na kule kwetu ambako mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu karibu na kisima, faili limepata wingu jipya la kujifunika.

Safari ya sita, mwezi wa Juni, hatukufika hata dirishani. Karani alitoka mlangoni ameinua mkono.

"Limeonekana!"

Hakuna aliyeuliza lilikuwa wapi, nami nilijizuia. Lakini nililiona likitolewa: lilikuwa katikati ya mashauri ya jinai, jirani yake wizi wa mbuzi, jalada lake limeota ukungu wa kijani kwenye kona kama gogo la msituni. Mama mdogo alilipia, akapewa risiti, akapewa nakala. Alikaa kwenye benchi, akaifuata hukumu yake kwa kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti, mpaka alipofika kwenye maneno "migomba ya upande wa mtoni". Akarudia hapo mara mbili. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya kanga.

Nyumbani aliihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa kwanza na mbegu za maharage, kwa sababu mvua za huku hazibishi hodi.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwake. Tukasikia hodi. Alikuwa yule aliyekuwa mumewe, amekuja na mpwa wake kwa ajili ya mpaka wa migomba. Walisikia kwamba kuna karatasi, wakataka waione ilivyoandikwa. Mama mdogo alikuwa anamenya magimbi, amekalia ndoo ile ile.

"Shikamoo, mama," mpwa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, kaeni." Akamenya gimbi likaisha, akaliosha, akalitia sufuriani, ndipo akainua uso, mpole kama mtu aliyezaliwa dirishani masijala. "Ile karatasi haionekani. Njooni Alhamisi."