Mheshimiwa Ndani ya Beseni

Masika haya nyumba yetu ya Morogoro ilitawaliwa na chura. Kijana aliyekuwa akifyeka majani uani alimjeruhi paja kwa fyekeo, na binti yetu akamwingiza ndani kwenye kopo la rangi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mama mkwe alikitazama kile kiumbe kinene chenye vipele, akatoa hukumu papo hapo: "Chura haingii nyumbani kwa heri. Leteni chumvi."

"Bibi," binti akamkatiza, "vyura wa Kihansi karibu 500 walipandishwa ndege mwaka 2000 wakatunzwe New York, mto wao ulipozibwa kwa bwawa la umeme. Huyu anakosa hata beseni?"

Mama mkwe akanyamaza, kisha akasema kwa uchungu: "Yaani chura kapanda ndege, na mimi hata uwanja wenyewe siujui." Hukumu ikaahirishwa.

Beseni la kufulia likageuka wodi. Bwana mifugo nilipompigia simu alicheka kwanza. Wagonjwa wake, alisema, wana kwato. Hata hivyo alituagiza tuoshe kidonda kwa maji safi, tumshike kwa mikono iliyolowa, na maji ya bomba tuyaache wazi usiku kucha ili klorini itoke, maana chura hanywi kwa mdomo; hufyonza maji kwa ngozi ya tumbo. Mke wangu akauliza, nguo za shule sasa zifuliwe kwenye sufuria ya ubwabwa?

Kwa tumbo lile, na kwa kutukodolea macho bila kujibu swali lolote, mgonjwa alipewa jina la Mheshimiwa. Nyama ya kusaga hakuigusa. Chura hula kinachojongea, kwa hiyo nyumba iliyozoea kupuliza dawa ya mende ikaanza kuwawinda wakiwa hai. Mvua ilipotoa kumbikumbi, mama mkwe mwenyewe alikinga bakuli chini ya taa: wake akakaanga, wa Mheshimiwa akawaacha wabichi. Alipoona macho ya mgonjwa yakididimia kila anapomeza, yakisaidia kusukuma chakula kooni, alitangaza kwamba huyu walau anakula kwa adabu kuliko wajukuu.

Mbwa naye alikwenda kumjulia hali kwa ulimi. Tezi za nyuma ya macho ya chura zina sumu. Mbwa akatoka na povu mdomoni, tukamsukutua kwa mpira wa bustani huku majirani wakichungulia ukutani.

Usiku mmoja binti alipiga yowe: "Anakufa!" Tulijaa bafuni sote. Mheshimiwa alikuwa amejikunyata, akipanua mdomo na kujivuta ngozi kwa mikono. Mama mkwe akaanza kusoma dua. Kumbe mgonjwa alikuwa akijivua ngozi kuukuu na kuila, kama ilivyo desturi ya vyura. Alipomaliza alitutazama tulivyojipanga na khanga na taulo, akadai mende.

Kidonda kilifunga, akarudishwa uani, na mke wangu akalisugua beseni lake kwa sabuni mpaka likapauka.

Nawe msomaji, ukimkuta chura kibarazani, msogeze taratibu kwa ufagio, na ukimgusa nawa mikono. Chumvi humkausha ngozi akafa kwa mateso. Iache jikoni, ikolee kwenye mboga.