Namna ya Kudumu Ndani ya Damu ya Mtu: Mwongozo kwa Bakteria Mgeni

Ndugu bakteria, hongera kwa kupenya. Umeipita ngozi, umeyapita makamasi, na sasa unaelea kwenye damu yenye joto la nyuzi 37 na sukari ya kutosha. Wenyeji wana msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usiutegemee. Humu hata dakika kumi utazipigania.

Wenzako wengi hufika wakiwa wameonywa kuhusu kingamwili. Zinatisha kweli, lakini kingamwili za kukulenga wewe, mgeni usiyejulikana, huchukua siku kadhaa kutengenezwa. Kinachowahi ni komplementi: protini zaidi ya 30, nyingi zikitoka kwenye ini, zinazozunguka damuni usiku na mchana zikiwa zimelala nusu jicho.

Dawa yake ilijulikana zamani. Mwaka 1895, katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, Mbelgiji Jules Bordet aliona kwamba seramu ikipashwa moto hadi nyuzi 55 hivi hupoteza uwezo wa kuua vijidudu, ingawa kingamwili zake zimo. Ukitia seramu mbichi kidogo, uwezo unarudi. Alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1919. Maabara siku hizi hupasha kwa nyuzi 56 kwa nusu saa. Basi kazi yako ni ndogo: mshawishi mwenyeji wako apandishe homa ya nyuzi 56. Akifia njiani kabla hujafika huko, hilo ni tatizo lako pia.

Kama limeshindikana, jifunze njia tatu ambazo komplementi hukujia. Ya kwanza hupitia kwenye kingamwili: moja tu ya aina ya IgM ikikukumbatia vizuri, protini ya komplementi iitwayo C1 huamka. Baada ya C1 huja C4, kisha C2, ndipo C3. Usitafute mantiki, namba zilitolewa kwa mpangilio wa ugunduzi, na hakuna aliyejisumbua kuzipanga upya, kwa hasara ya kila mwanafunzi wa udaktari. Njia ya pili hunusa sukari kama manosi kwenye ganda lako. Kwa hiyo usivae manosi.

Njia ya tatu ndiyo itakayokukera, kwa sababu haihitaji kosa lolote. C3 imo gramu moja hivi katika kila lita ya plazma, na kiasi kidogo chake hujifungua chenyewe wakati wote, hata mtu akiwa mzima wa afya. Hapo huzaliwa vipande vinavyoitwa C3b, kila kimoja kikiwa na gundi isiyodumu hata sehemu ya elfu ya sekunde. Kisipopata pa kunata, maji hukizima. Kikipata, kinanata moja kwa moja, wala hakichagui: ganda lako, seli ya figo, chembe nyekundu ya damu, vyote sawa kwake.

Tofauti huja baadaye. Seli za mwenyeji zimevaa protini kama CD55, inayovunja shambulio lisiendelee, na asidi sialiki, inayoivuta faktori H ije kusaidia kuizima C3b. Wewe huna hata kimoja. Juu yako C3b inaungana na faktori B, inakuwa kimeng'enya cha kukata C3 nyingine, nazo zinanata na kukata nyingine tena. Dakika chache tu, umefunikwa gubigubi.

Umeelewa ujanja wake? Mfumo huu haujui wewe ni nani na hauna haja ya kujua. Unampiga kila mtu, kisha unawaacha walio wake. Mimi nauona kuwa mwerevu kuliko kingamwili zote: kingamwili utazikwepa kwa kubadili sura, lakini mfumo huu haukufuati kwa sura yako. Unakufuata kwa ulichokosa.

Ukishafunikwa, mawili hukungoja. Seli nyeupe, zikiitwa na kipande kidogo cha C5 kiitwacho C5a, zitakushika kwa hizo C3b na kukumeza. Au C5b, C6, C7 na C8 zitajikita kwenye utando wako, C9 zipatazo 18 zijipange duara, na utabaki na tundu la nanomita 10 hivi. Kama una ukuta mnene kama stafilokoki, tundu halikuhusu. Meno ya seli nyeupe yanakuhusu.

Kwa hiyo usijifiche, jifanye mwenyeji. Bakteria wa kisonono huiba asidi sialiki ya mwenyeji na kujipaka. Meninjokoki, wa homa ya uti wa mgongo, ana ndoano maalumu ya kuinasa faktori H na kuivaa. Mbinu nzuri sana, hadi binadamu walipoichukua ndoano hiyohiyo na kuitia kwenye chanjo za meninjokoki wa kundi B. Sasa kuivaa ni kujitangaza.

Mwalimu bora zaidi, hata hivyo, si bakteria. Ni papasi, yule wa nyufa za nyumba za udongo, anayewapa watu homa ya papasi Tanzania na kwingineko. Mate yake yana protini inayoikamata C5 isikatike, ndiyo maana anakula usiku bila bughudha. Watafiti waliigeuza protini hiyo kuwa dawa ya majaribio.

Binadamu wanazo dawa nyingine za kuizuia C5 pia. Eculizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2007 kwa wagonjwa ambao chembe zao nyekundu zimepoteza CD55 na mwenzake CD59, zikawa zinatobolewa na komplementi yao wenyewe. Kwa meninjokoki, mtu anayetumia dawa hiyo ni mlango usio na komeo. Ila fika mapema: kwa kawaida huchanjwa kabla ya kuanza dawa, na wengine hunywa penisilini kila siku.