Risiti za Mama Kanga

Kisimani kilikuwa kijiji cha wanyama kando ya barabara ya vumbi iendayo wilayani. Kwenye karatasi kiliandikwa kijiji, lakini Jumamosi, siku ya gulio, kiligeuka mji: malori ya mahindi na maharage, mashine ya kusaga ikinguruma hadi magharibi, fundi baiskeli, mabanda ya chumvi na dagaa, na wanyama wa vijiji vinne wakisukumana njiani.

Mwenyekiti wake alikuwa Nyati. Alichaguliwa kwa sababu mwaka wa mafuriko alivusha watoto wa wenzake mgongoni mpaka maji yakapungua. Hakuwa mwizi, na hilo nalisema mapema kabisa. Hekaya zetu nyingi za utawala humvika kila kiongozi ngozi ya fisi, kisha zikatuzoeza kumtafuta fisi peke yake. Nyati alikuwa na moyo mzuri na macho mabovu, na kusoma kulimchosha. Karatasi ikiletwa mbele yake, aliuliza, "Imekamilika?" Akiambiwa ndiyo, aligonga mhuri.

Mtendaji wa kijiji alikuwa Korongo. Mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji wenzake, lakini mtendaji huajiriwa na halmashauri ya wilaya, na Korongo aliletwa kutoka mbali na barua yake mkononi. Alifika na mvua za masika, akijua kwamba ipo siku ataondoka. Mwandiko wake ulikuwa safi, mihtasari yake haikuwa na doa. Kilichokuwa nje ya ofisi hakikumhusu sana.

Ushuru wa soko alitoza Kicheche. Wenye manyoya wote walijua ukoo wa Kicheche na kuku wameishije tangu zamani, lakini nafasi ilipotangazwa hakujitokeza mwingine. Alidamka kabla ya jua, alijua kuhesabu, na hakuchoka kutembea. Wakampa kitabu cha risiti na begi la kuning'iniza shingoni.

Kitabu kile kilikuwa na kurasa mbilimbili zenye namba moja. Ya juu huchanwa akapewa mlipaji. Ya chini hubaki kitabuni, na ofisi hujumlisha hiyo. Katikati huwekwa karatasi ya kaboni ili kilichoandikwa juu kishuke chini kama kilivyo. Kicheche aliichomoa kaboni. Mbele ya muuza nyanya aliandika juu shilingi 1,000, akachana, akamkabidhi. Baadaye, nyuma ya banda la chumvi, alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akafungua ukurasa wa chini uliokuwa mweupe, akaandika shilingi 200. Jioni alipeleka ofisini pesa zilizolingana na kurasa za chini, hata senti haikupungua. Korongo alijumlisha, jumla ikakubali. Nyati aligonga mhuri.

Mkaguzi angekaa na kitabu kile wiki nzima asikute kosa. Kilichokosekana hakikuwa ofisini. Kilikuwa mikononi mwa waliolipa, nao risiti hizo walizifungia mandazi, wakaziwashia moto, au wakaacha upepo uzikokote.

Alipozoea, Kicheche alitanua mikono. Pale barabara inapoacha wilaya yetu na kuingia ya jirani aliweka ubao juu ya mawe mawili na kuuita geti. Punda alipita na mkokoteni wa gunia tatu za maharage, akimpelekea dada yake. Akatozwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, mazao yasiyozidi tani moja yanayovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru wa mazao, na hata mzigo ukiwa mkubwa, mwenye kulipa ushuru huo ni mnunuzi. Gunia tatu hazikaribii tani. Punda hakuwahi kuambiwa haya na mtu yeyote, na mwenye wajibu wa kumwambia alikuwa ofisini akinyoosha mistari ya muhtasari. Punda akalipa, akashukuru, akapita.

Sasa pampu ya kisima ikaharibika. Kilichokatika ni mpira mmoja wa ndani, kitu cha kununua dukani wilayani na kurudi nacho siku hiyohiyo. Halmashauri ya kijiji ikakaa. Kamati ya Huduma za Jamii ikakaa. Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango ikakaa mara mbili, na kila kikao kilikuwa na posho na soda. Mfuko ulipofunguliwa ili mpira ununuliwe, posho zilikuwa zimeumaliza, na ulikuwa mwembamba tangu mwanzo kwa sababu ya kurasa za chini. Wanyama wakarudi kuchota mtoni. Mtoni kulikuwa na Mamba, kama alivyokuwako siku zote. Kisima kilichimbwa ili watoto wasikutane naye. Wiki ya tatu mtoto wa Swala hakurudi.

Msiba ule ulihudhuriwa na kijiji kizima. Kwenye mkutano hawakuwa wakija hivyo. Kwa utaratibu wa vijiji vya Tanzania Bara, mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Huko ndiko mapato na matumizi husomwa. Kisimani mwaka wa kwanza ulifanyika mara tatu, wa pili mara moja, kisha ikawa taarifa "itabandikwa ubaoni". Makosa hayakuwa ya ofisi peke yake. Mbiu ilipolia, Swala alisema majani ya asubuhi hayasubiri. Ngedere alikuja, akauliza kama kuna soda, akaondoka. Panya alisema yeye ni mdogo mno, nani atamsikia. Akidi haikutimia. Korongo, ambaye wilayani alidaiwa mihtasari, aliambatanisha orodha ya majina yaliyosainiwa siku ya chanjo, na kwenye faili mkutano ukawa umefanyika.

Ndugu msomaji wa kijijini au wa mji mdogo, hapa naomba tusimame kidogo. Tarehe 27 Novemba 2024 tulipanga foleni kuchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Kura hiyo ni siku moja katika miaka mitano. Mkutano wa kila miezi mitatu, katika miaka hiyohiyo mitano, ni siku ishirini. Tunagombana hadi kununiana kwa ajili ya ile siku moja, kisha tunaziacha ishirini zipite bila kwenda hata kusimama nyuma. Naumizwa na jambo hili kuliko wizi wenyewe, kwa sababu mwizi tunaweza kumfukuza.

Mama Kanga aliuza mchicha na karanga karibu na mashine ya kusaga. Alikuwa na jambo moja ambalo wenzake hawakuwa nalo: hakutupa risiti. Asubuhi moja Kicheche alimtoza mara mbili, na alipobisha hakuwa na cha kuonyesha. Tangu hapo alichukua spoku ya baiskeli kwa fundi, akaikunja ncha moja, akaitundika ukutani, na kila Jumamosi alichomeka humo risiti ya siku ile juu ya ile ya wiki iliyopita. Zilikuwa zimejaa vumbi la unga, nyingine zina alama za mafuta, lakini namba zilisomeka zote.

Baada ya msiba wa Swala alizichukua na spoku yake, akaenda kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo za nini?"

"Nataka nijue pesa hizi ziliingia wapi."

Kobe alizitazama muda mrefu. Alikuwa ameishi sana. Alikumbuka mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa na madaraka kupelekwa mikoani, na jinsi kwa miaka mingi hakukuwa na baraza la kwenda kuulizia zahanati wala daraja. Alikumbuka pia mwaka 1982, sheria ya kuzirudisha ilipopitishwa. "Ninyi watoto mnadhani mabaraza haya yalikuwapo tangu milima iumbwe," alisema. "Yaliwahi kufungwa, tukakaa bila. Twende kwa Nyati."

Wakamkuta Nyati zizini kwake. Mama Kanga akamwambia, "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba uitishe mkutano mkuu."

"Hilo anapanga mtendaji."

"Mtendaji ni katibu wako," Kobe akasema. "Kiti cha mkutano ni chako, na mkutano ni wa hawa."

Nyati alinyamaza. Mtoto wa Swala alikuwa mmoja wa wale aliowavusha mgongoni. Kesho yake mgambo akapita na mbiu kitongoji kwa kitongoji, na safari hii Swala alifika wa kwanza.

Walikaa chini ya mkuyu. Korongo alianza kusoma taarifa kwa haraka, jumla baada ya jumla, sauti moja kama mvua ya bati. Mama Kanga akanyoosha bawa.

"Mwenyekiti, naomba tusisomewe jumla. Naomba asome ukurasa kwa namba yake. Namba 0417."

Korongo akamtazama Nyati. Nyati akasema, "Soma."

"Namba 0417. Ushuru wa soko. Shilingi mia mbili."

"Ya kwangu ni 0417," Mama Kanga akasema, akiichomoa kwenye spoku. "Ushuru wa soko. Shilingi elfu moja. Soma 0452."

Mia mbili. Na ya kwake elfu moja. Walipofika ya tano, hapakuwa tena na aliyekuwa anazungumza pembeni.

Kicheche akaruka juu. "Huyu ameziandika mwenyewe nyumbani! Nani hajui kanga wanavyojua kupiga kelele?" Wengine wakaanza kuguna, neno lilikuwa lake dhidi ya la Kanga, na kwenye neno tupu mwenye begi la ofisi hushinda. Nyati akazishika karatasi zote mbili, akazisogeza karibu na macho, akazitoa, asione tofauti.

Hapo ndipo Panya, ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni, alipopanda juu ya meza.

"Mwenyekiti, mimi karatasi nazijua kwa pua. Nakala ya kaboni hunuka nta na masizi. Naomba nipewe kitabu." Akapita ukurasa kwa ukurasa akinusa. "Hii ina kaboni. Hii ina kaboni. Hii wino. Wino. Wino. Wino." Akaenda hivyo mpaka jalada la nyuma. Kurasa za mwezi wa kwanza zilikuwa za kaboni. Zilizofuata, karibu zote, ziliandikwa kwa kalamu moja kwa moja.

Ukweli ukajulikana, lakini kiasi cha wizi hakijajulikana mpaka leo. Nyati alipouliza nani mwingine ana risiti, Punda alitoa moja ya getini, Bata akatoa mbili zilizolowa. Basi. Mamia ya wanyama walikuwa wamelipa miezi mingi, na wizi ulioweza kuandikwa kwenye taarifa ya polisi ulikuwa na ukubwa wa karatasi zilizotunzwa, haukuzidi hapo. Halmashauri nyingi siku hizi zimeacha kitabu na kaboni, hutoza kwa mashine ndogo ya mkononi inayotoa risiti palepale. Ni hatua njema na ninaifurahia. Lakini karatasi ile hufifia upesi ikipigwa na jua, na mwisho wa gulio huwa imetapakaa chini sokoni.

Kicheche alipelekwa polisi na mgambo. Korongo alipata barua ya uhamisho kabla ya mwezi kwisha. Yuko kijiji kingine sasa, na mwandiko wake ungali safi. Nyati alisimama mbele ya mkutano akasema mhuri wake uko kwenye kila ukurasa wa wino, kwa hiyo wamfanye wanavyoona. Walibishana mpaka jua likazama. Wakaamua aendelee hadi uchaguzi, ila asigonge mhuri kwenye taarifa yoyote ya fedha ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mkutano, ukurasa kwa ukurasa.

Mama Kanga wakamwingiza Kamati ya Fedha. Alisafiri mwenyewe wilayani, akanunua mpira wa pampu, na kabla ya Jumamosi maji yalikuwa yanatoka. Akina mama walimpigia vigelegele kisimani.

Miezi mitatu ikapita, mkutano ukaitishwa, na wanyama wakaja. Katika mapato na matumizi Panya alisimama.

"Mama Kanga, naomba risiti ya mpira."

Minong'ono ikatapakaa. Ngedere akasema Panya hana adabu, mama wa watu ametuletea maji halafu anahojiwa kama mwizi. Mama Kanga mwenyewe alivimba manyoya, akafungua mdomo ili ajibu kwa ukali. Kisha akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akatoa risiti ya duka, akaisoma namba na bei.

"Imebaki elfu tatu," Panya akasema. "Imeandikwa 'usafiri'."

"Bodaboda. Kwenda na kurudi."

"Risiti?"

"Panya, bodaboda gani anatoa risiti?"

Hoja hiyo iliwachukua saa nzima. Punda alitaka nauli zote zikataliwe. Kobe akauliza basi nani atakubali kutumwa. Mwishowe wakakubaliana kwamba mwenye kusafiri kwa kazi ya kijiji aende na hati ya malipo kutoka ofisini, dereva aandike jina, tarehe, kiasi na namba yake ya simu, kisha asaini, na mkutano uruhusiwe kumpigia. Ile elfu tatu ya Mama Kanga ikaandikwa kwenye muhtasari kuwa haina uthibitisho, na yeye akasaini chini yake. Halafu Nyati akatangaza ajenda iliyofuata, choo cha soko, na kabla hajamaliza kuisoma mikono saba ilikuwa juu.