Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri Yetu

YAH: SHUKRANI KWA HUDUMA YA KUTOLEWA UKUCHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nakuandikia mguu ukiwa juu ya mito miwili, kama walivyonielekeza zahanati, ili uvimbe upungue. Nimeona si uungwana kupokea huduma yako kimya kimya.

Ile nguzo ya alama ya kivuko cha watoto wa shule, kando ya soko, wezi wa vyuma chakavu waliikata usiku, wakaacha kisiki kimechomoza katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Halmashauri yenye papara ingekiondoa. Yako imekienzi. Soli za wapita njia zimeking'arisha kote, isipokuwa ukingo mmoja ambao bado una meno ya msumeno. Huo ndio uliopokea dole gumba la mguu wangu, nami nimevaa ndala.

Afisa wako alinifariji kwamba kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Kweli tupu. Nilikwenda mbele hadi juu ya meza ya mama muuza nyanya, na nyanya nikazilipa.

Damu ikavilia chini ya ukucha. Ukucha hautanuki na mfupa hausogei, kwa hiyo damu hubanwa hapo katikati, na kidole kikapwita usiku kucha. Hata shuka likigusa, unaona nyota. Tabibu alitoboa tundu dogo kwenye ukucha, damu nyeusi ikachuruzika, nikapumua. (Wasomaji msijaribu nyumbani na pini ya nywele.) Nikachomwa na sindano ya pepopunda. Jirani alitaka kuunyofoa ukucha kwa koleo, tabibu akakataza: uachwe ulegee wenyewe, kwani unaikinga nyama laini iliyo chini yake.

Sasa hesabu. Ukucha wa dole gumba la mguu hukua kama milimita 1.5 kwa mwezi, hivyo mpya hukamilika baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Mtaa ulipoulizia kisiki, tulijibiwa kwamba hakimo kwenye bajeti, tusubiri mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Julai ya mwaka gani, hatukuambiwa. Hapa mtaani watu wameanza kuwekeana dau, na wengi wako upande wa ukucha.

Mheshimiwa, ng'ambo ya barabara yupo fundi wa kuchomelea mageti. Mashine ya kukatia chuma anayo, umeme anao, na amesema kazi yenyewe haimalizi hata chai yake. Anachoogopa ni kushtakiwa kwa kuharibu mali ya umma, woga ambao wezi hawakuwa nao. Tunaomba umwandikie kibali. Mstari mmoja na mhuri vinatosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa ushuru wa soko